1200D ya zamani ao 4000D mpya?

SWALI: Jambo yaya. Niko Lubumbashi, komine ya Katuba. Kaka yangu aliniachia apareyi (kamera) Canon EOS 1200D na objektifu (lenzi) yake ya 18-55. Napiga harusi, komunyo na sherehe za shule. Picha natoa kwa labo, 10x15 na mara moja moja 20x30, zingine natuma kwa WhatsApp. Shida ni kwamba ndani ya sale (ukumbi) usiku picha zinatoka na giza, zimetikisika, na wenzangu wanasema megapikseli 18 zimepitwa. Niko na dola 400. Mjini wananiambia 4000D mpya ni dola 360, 2000D mpya dola 430, na mtu mmoja ana Nikon D3500 ya okazioni (iliyokwisha tumika) kwa dola 350. Objektifu ya 50 mm f/1.8 wanauza dola 120. Niuze 1200D niongeze, ao nibaki nayo?

JIBU: Mdogo wangu, usiiuze. Na hiyo 4000D iache hapohapo dukani, hata wakikushushia mpaka 300.

Neno "mpya" kwenye kasha linawaponza wengi. 1200D ilitoka 2014, 4000D ikatoka 2018. Ukiziweka meza moja ni ndugu wa tumbo moja: zote ni megapikseli 18, zote zina pointi 9 za kulenga na kati ya hizo ni ile ya katikati tu iliyo kali, zote zinapiga picha 3 kwa sekunde, zote zinatumia batri ya LP-E10. Kazi kubwa iliyofanyika kwenye 4000D ni kupunguza gharama. Kioo chako cha nyuma ni cha inchi 3 chenye nukta 460,000. Cha 4000D ni inchi 2.7 na nukta 230,000, kwa hiyo kujua kama jicho la bibi harusi limekaa sawa ni kubahatisha. Pete inayoshika objektifu kwenye yako ni ya chuma, kwenye 4000D ni ya plastiki. Kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia, kile cha kurekebishia macho kwa anayevaa miwani, hakipo. Fleshi ya juu unainua kwa ukucha. Unachoongezewa ni prosesa iliyosogezwa mbele kidogo, na Wi-Fi. Wi-Fi hiyo utaifidia kwa kisomeo cha karte kinachochomekwa kwenye simu, tena picha zinaingia upesi kuliko kwa hewani. Ukishazipata kwenye simu, mtumie mteja kama hati, usizitume kama picha za kawaida, la sivyo WhatsApp inazibana.

2000D nayo ni ya 2018, na hapo kuna tofauti ya kweli: megapikseli 24, Wi-Fi, kioo cha nukta 920,000. Lakini mteja wako anarudi nyumbani na karatasi mkononi, basi tupige hesabu ya karatasi. Picha kubwa ya 1200D ina pikseli 5184 kwa 3456. Labo ikiitoa kwa pikseli 300 kila inchi, kipimo cha picha ya kutazamwa karibu, unafika sentimita 44 kwa 29. 2000D yenye pikseli 6000 kwa 4000 inafika 51 kwa 34. Upande mrefu umeongezeka asilimia 16, basi. Picha ya 20x30 inadai megapikseli 8.4, ya 10x15 inadai 2.1. Hata 1100D ya 2011, yenye megapikseli 12, inatoa 20x30 safi. Mwenzako akirudia kwamba 18 zimepitwa, mwekee mezani picha mbili za 20x30, moja ya kila kamera, aseme ipi ni ipi.

Halafu 2000D ina pengo moja ambalo muuzaji hatakutajia. Tazama juu ya kamera yako, pale fleshi ya nje inapotelezeshwa. Kuna kidoti kikubwa cha chuma katikati na vidogo kando yake. Kile cha katikati ndicho kinachoamrisha fleshi ya kampuni yoyote iwake. Canon walikiondoa kwenye 2000D, 4000D na 250D. Kwa hiyo fleshi nafuu zenye mguso mmoja, kama Yongnuo YN560, hazitawaka kabisa juu ya kamera hizo. Fleshi inakuwa nzima, ila amri haiifikii, na watu wamerudisha fleshi nzuri dukani wakidhani ni mbovu. Itakubidi ununue fleshi ya Canon yenyewe, au ya kampuni nyingine ambayo imewekewa programu ya kuelewana na kamera zisizo na kidoti hicho. 1200D inacho, 1300D ya 2016 inacho. Kwa mtu wa harusi kidoti hicho kinazidi thamani ya megapikseli 6 za nyongeza.

Kabla sijasahau, jihadhari na majina. Kamera moja inabadilishwa jina kufuatana na soko inakouzwa. Ya kwako Marekani inaitwa Rebel T5, na Japani Kiss X70. 1300D ni Rebel T6. 2000D ni Rebel T7, tena ndiyo 1500D ya Asia. 4000D ni Rebel T100 au 3000D. Mtu akikuuzia "T7" kwa bei ya juu akiapa kwamba inaipita 2000D, anakuuzia kamera ileile.

Sasa giza la sale. Hapo chanzo ni objektifu. 18-55 ikiwa kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5, lakini ukivuta mpaka 55 inabanwa na kubaki f/5.6. Namba hii ya f ikipanda, tundu la objektifu linalopitisha mwanga linapungua. Objektifu ya 50 mm ukiifungua f/2 inapitisha mwanga mara 8 ya ule wa f/5.6. Pale 18-55 inapokulazimisha kupanda ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kushika mwanga) mpaka 6400, picha ikajaa chembechembe kama mchanga, 50 mm inakupa mwanga uleule na kasi ileile kwa ISO 800. Katika zile kamera tatu ulizotaja hakuna inayoweza kukupa faida hiyo kwa mwili wake. Ukinunua 4000D na 18-55 yake utarudi kwenye giza lilelile ukiwa huna pesa. Tena mara nyingi inauzwa na 18-55 ya toleo la III, isiyo na kitulizi. Angalia yako: ikiwa imeandikwa IS, una objektifu bora kuliko ya kasha jipya. Ila usitegemee makubwa: kitulizi kinatuliza mkono wako tu, anayecheza dansi hakimsimamishi.

Kamera ikiachwa kwenye Auto gizani inapunguza kasi mpaka 1/30 ya sekunde au chini ya hapo, ndiyo maana picha zako zinatikisika. Geuza gurudumu kwenye M, yaani kupanga kwa mkono. Watu waliosimama, 1/125. Wanaocheza, 1/250. Tundu f/2.2. ISO anzia 800, ukikosa mwanga nenda 1600. ISO 3200 kwenye 1200D inavumilika kwa 10x15, 6400 iache kwa dharura. Ukibanwa kati ya chembechembe na mtikisiko, chagua chembechembe, kwa sababu karatasi ya 10x15 inazimeza, ila mtikisiko hauna dawa.

Kuna mtego mmoja wa taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za bei nafuu za sale zinapepesa mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukipiga kwa 1/250, picha moja inatoka nzuri, inayofuata ya njano, ya tatu ina ukanda wa giza. Usianze kulaumu kamera. Shuka kwenye 1/100 au 1/50 na mistari itaondoka. Umeme ukikatika wakawasha jenereta, mzunguko wake unaweza kuyumba, basi piga tatu tatu na uchague baadaye.

Kulenga kwa 50 mm kunadai nidhamu ambayo 18-55 haikukufundisha. Ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, kwa f/1.8, sehemu inayotoka kali ina kina cha sentimita 11 hivi. Bibi harusi akiwa nusu hatua mbele ya bwana, mmoja wao atafunikwa na ukungu. Kwa wawili funga mpaka f/2.8 au f/4 na uwasimamishe mstari mmoja. Chagua pointi ya katikati peke yake, usiiachie kamera ichague kati ya 9, maana itakimbilia maua ya meza. Weka pointi kwenye jicho, bonyeza nusu, geuza kidogo upange picha, malizia kubonyeza bila kuyumba mbele au nyuma. Ikishindwa kushika kwa giza, ipe kitu chenye ukingo wa rangi mbili zinazopingana kilicho umbali uleule: kola nyeupe juu ya koti jeusi inafaa sana.

Usiitupe 18-55 lakini. 50 mm kwenye sensa (kibamba cha ndani kinachopokea picha) ndogo ya kamera hizi inabana: ukisimama mita 5 unaona upana wa mita 2.2 tu. Watu 8 bega kwa bega wanachukua mita 4 hivi, kwa hiyo ungetakiwa urudi nyuma mita 9, na sale nyingi za komine ya Kenya au ya Kamalondo utagonga ukuta kwanza. Picha za familia zipige na 18-55 kwenye 24 au 28, na hapo ndipo fleshi inapoingia.

Fleshi yenye mipangilio ya mkono inakutosha. Kamera kwenye M, 1/125, f/5.6, ISO 800. Fleshi yenyewe kwenye 1/4 ya nguvu yake, kichwa kimeelekezwa darini. Tazama kioo: picha ikiungua, shusha 1/8, ikiwa na giza, panda 1/2. Dari lazima liwe jeupe na lisiwe la juu mno. Dari la mbao linatia kila uso rangi ya chai, na chini ya tente la bluu watu wanatoka kama wagonjwa. Hapo geuza kichwa kwenye ukuta mweupe wa kando, au uinue kichwa wima na ufunge kadi nyeupe nyuma yake kwa elastiki. Kasi usivuke 1/200. Ukiivuka, ukanda mweusi unatokea upande mmoja wa picha, kwa sababu pazia la pili la kamera linakuwa limeshaanza kufunga fleshi inapowaka. Na fleshi ya mguso mmoja haizungumzi na kamera, kwa hiyo kamera haitakuzuia kuweka 1/500. Kosa utaligundua nyumbani. Nunua batri ndogo za AA za kuchaji, seti mbili za nne nne. Zile za kutupa za rejareja zinachoka upesi, fleshi inaanza kusubiri sekunde nyingi kati ya picha na picha, na busu halisubiri.

Nikon D3500 sitaidharau. Ni ya 2018, Nikon wameshaacha kuitengeneza, lakini kwa picha tulivu ndiyo bora katika orodha yako: megapikseli 24, picha 5 kwa sekunde, pointi 11, na batri iliyopimwa kufika picha 1,550 wakati yako imepimwa 500. Ukipiga RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera) na kuinua vivuli kwenye kompyuta, Nikon inavumilia zaidi. Kungekuwa hakuna kamera nyumbani kwenu, ningekwambia uikague vizuri na uichukue. Kwa hali yako inakula dola 350, unabaki na 50 na objektifu ya f/3.5-5.6, giza palepale. Pia haina mota ya kulenga ndani ya mwili wake: objektifu za zamani za Nikon zilizoandikwa AF-D utazizungusha kwa mkono, zinazojilenga ni zile zenye mota yake ndani, kama AF-S na AF-P. Kuhamisha picha kwenye simu kunapitia Bluetooth, na inatuma picha ndogo za megapikseli 2. Jambo lingine la mtaani: angalia wapiga picha wenzako wa Katuba wanashika nini. Siku objektifu yako ikianguka asubuhi ya harusi, utaazima ya nani?

Mahali ambapo 1200D inakwama kweli ni video. Inapiga 1080p vizuri kwa macho, lakini haina tundu la maikrofoni, na kulenga wakati wa kurekodi ni kwa kusuasua. 2000D na 4000D hazina tundu hilo pia, D3500 vilevile, hivyo kuhamia huko hakutakusaidia. Wateja wakianza kudai filamu ya harusi, tafuta 700D ya okazioni. Ni ya 2013, megapikseli zilezile 18, ila ina tundu la maikrofoni, kioo cha kugusa kinachogeuka, pointi zote 9 ni kali, inapiga 5 kwa sekunde na inajitikisa yenyewe kuangusha vumbi la sensa. Inachukua objektifu zako zote. Batri tu ndizo tofauti, LP-E8. Kwa watu wetu naona 700D iliyotunzwa inaishinda 2000D mpya, na hilo huwaudhi wauzaji.

Vumbi, kwa sababu tuko Lubumbashi. Kuanzia Mei mpaka Septemba lile jekundu linaingia popote, na 1200D haina mtikiso wa kujisafisha. Ukibadilisha objektifu, zima kamera, tundu litazame chini, objektifu ya pili iwe tayari mkononi, wala usifanyie barabarani. Kila baada ya wiki chache piga ukuta mweupe kwa f/16 bila kulenga vizuri: madoa meusi yasiyohama kutoka picha moja kwenda nyingine ni vumbi juu ya sensa. Ingia kwenye menyu ya kusafisha kwa mkono ili kioo cha ndani kiinuke, puliza kwa pampu ya mpira kamera ikitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda. Wala usitumie kopo la hewa ya kemikali. Mvua zikianza, adui anageuka kuwa ukungu ndani ya objektifu, nyuzi nyeupe kama za buibui. Dawa yake ni kutoifungia kwenye mfuko wenye unyevu: kasha la plastiki lenye mfuniko na vifuko vichache vya silika vinatosha.

Gawa pesa zako hivi. Dola 120 zinaenda kwa 50 mm. Katika 280 zinazobaki toa fleshi ya mkono, batri mbili za ziada za LP-E10, karte mbili za gigabaiti 32, kisomeo cha simu, pampu ya mpira. Harusi ya kuanzia ofisi ya ndoa mpaka usiku inaweza kufika picha 800, batri moja haifiki, na kutumia kioo cha nyuma badala ya tundu la kuchungulia kunaimaliza kabla ya nusu ya safari. Kuichaji kunachukua saa 2 hivi, kwa hiyo zichaji zote siku iliyotangulia, wakati umeme upo. JPEG kubwa ya 1200D ni megabaiti 6 au 7: karte moja inabeba zaidi ya picha 4,000. RAW ni kama megabaiti 25, na ukipiga mfululizo kamera inasimama kupumua baada ya picha 6 hivi. Kwa dansi baki na JPEG. Karte za sokoni zipime kabla ya kazi kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta. Karte ya uongo inajitangaza 32, ikifika 8 inaanza kuandika juu ya picha za mwanzo, na komunyo ya mtoto wa watu hairudiwi.

Siku ya kununua 50 mm nenda na 1200D yako. Kwanza uliza ni toleo gani. Ile ya 2015 imeandikwa STM, ina pete ya chuma na inalenga kuanzia sentimita 35. Ile ya II, ya 1990, ina pete ya plastiki, inanguruma ikilenga, na mwisho wake ni sentimita 45. Zote zinatoa picha nzuri, lakini usilipe bei ya STM kwa II. Ichomeke: kamera ikiandika Err 01, futa vidoti vya dhahabu vya objektifu kwa kitambaa kikavu na ujaribu tena, ikirudia, irudishe. Mulika tochi ya simu upande wa nyuma uangalie nyuzi za ukungu. Kisha laza gazeti mezani, simama ukiliangalia kwa mshazari, f/1.8, lenga mstari mmoja kwa pointi ya katikati, piga mara 5, ukilenga upya kila mara, na ukuze kwenye kioo. Mstari uliolengwa ndio unaotakiwa kuwa mkali. Ukali ukiangukia mstari wa mbele au wa nyuma kila mara, objektifu hiyo haipatani na mwili wako, na 1200D haina menyu ya kurekebisha kosa hilo. Mwombe muuzaji nyingine ya aina ileile, urudie gazeti lilelile palepale.